Simu mpya ya Android: kipi uguse, kipi uache

Simu mpya ya Android inapotoka kwenye boksi tayari ina wakubwa wengi. Kuna aliyetengeneza chipu, kuna Google mwenye mfumo, kuna kampuni iliyobandika jina lake mgongoni, na mara nyingine kuna mkopeshaji au mtandao wa simu naye ameingiza mkono wake. Kila mmoja amepanga mambo kwa faida yake. Huyu anataka utumie kivinjari chake, yule anataka uone matangazo yake, mwingine anataka betri ionekane inadumu hata kama meseji zako zitachelewa kuingia. Wewe ndiye wa mwisho kufika, na ndiye uliyelipa.

Wengi hubonyeza "Kubali" na "Endelea" mpaka picha ya ukutani itokee, wakaweka WhatsApp, basi. Sisi wapenzi wa teknolojia huwa na haraka ya upande wa pili: siku hiyohiyo mtu anataka kuruti (kujipa mamlaka ya juu kabisa ndani ya simu), kubadili romu, yaani mfumo mzima uliokuja na simu, na kung'oa kila asichokipenda. Kinachokosekana pande zote mbili ni kujua simu imejengwa kwa matabaka gani, na kila badiliko linagusa tabaka lipi. Ukishalijua hilo, maswali mengi yanayoogopesha hujijibu: badiliko hili linarudishika? Litafuta vitu vyangu? Kesho programu ya benki itafunguka?

Matabaka yenyewe

Chini kabisa kuna chipu na vifaa vyake. Juu yake inakaa butiloda, programu ndogo inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Kazi yake ni kukagua kama mfumo unaotaka kuwaka umetiwa saini na mtengenezaji. Kisha inakuja Android, iliyojengwa juu ya kiini cha Linux. Android hiyo ni ya wazi, yeyote anaweza kuchukua msimbo wake na kuubadilisha, na kampuni za simu hufanya hivyo: Samsung inaivisha vazi lake la One UI, Tecno HiOS, Infinix XOS, Xiaomi HyperOS. Tecno, Infinix na Itel zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, ndiyo maana ukihama kutoka HiOS kwenda XOS huoni ugeni wowote.

Huduma za Google ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi huchanganya. Play Store, ramani, hifadhi ya nakala na njia ambayo arifa nyingi hupitia ni mali ya Google, hazimo ndani ya ile Android ya wazi. Tofauti hiyo ilionekana mwaka 2019, Marekani ilipoiwekea Huawei vikwazo: Mate 30 ilitoka ikiwa na Android kamili lakini haina Play Store. Juu ya hayo yote ndipo ilipo akaunti yako, na programu na mafaili yako.

Kadiri unavyoshuka, ndivyo gharama ya kukosea inavyopanda. Kubadili lancha (programu ya skrini ya kwanza), kibodi, ruhusa au arifa ni kazi ya juujuu, ukiharibu unarekebisha hapohapo. Kuondoa programu za kampuni ni kazi ya katikati, inataka kompyuta na utulivu. Kufungua butiloda ni kwenda chini kabisa, na huko kila kitu ulichohifadhi hufutwa kabla hujaanza.

Dukani, kabla ya laini

Ukaguzi wa kwanza ni wa chipu na namba zake, na unafanyika ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji. Piga *#06#. Namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itakayotokea ifanane na iliyoandikwa kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu, na kama simu ina laini mbili zitatokea namba mbili. Tanzania unaweza kuituma IMEI kwa ujumbe kwenda 15090 ukaletewa jina la kampuni na modeli. Jibu likitaja simu tofauti na uliyoishika, rudisha. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia kwenye mitandao Juni 2016, na Kenya ilitangulia kufanya hivyo mwaka 2012, kwa hiyo namba hii ndiyo inayoamua kama simu yako itashika mtandao au itabaki kuwa kamera.

Kwa simu zilizotumika, zile zinazoingia kwa wingi kupitia Dubai, kuna jambo zito zaidi. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa vitufe vya pembeni itadai akaunti ya Google ya mwenye simu wa mwanzo kabla ya kuendelea. Kinga hiyo iliwekwa dhidi ya wezi, lakini inamnasa pia mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Kwa hiyo simu iwashwe mbele yako kuanzia skrini ya makaribisho, iunganishwe na intaneti, na ifike mwisho. Muuzaji akikwambia "hiyo fundi anaitoa", mwachie simu yake.

Tazama pia simu za mkopo. Simu inayolipiwa kidogo kidogo huwa na programu ya usimamizi iliyoingizwa chini zaidi kuliko programu za kawaida, ili mkopeshaji aweze kuifunga ukichelewesha malipo. Kuifuta simu hakuiondoi. Mtu asiye mwaminifu anaweza kukuuzia simu ambayo deni lake halijaisha, na wiki mbili baadaye ikajifunga mkononi mwako. Ukiona ujumbe kwamba kifaa kinasimamiwa na shirika fulani, iwe kwenye skrini iliyofungwa au ndani ya Mipangilio, uliza maswali kabla ya kutoa pesa.

Saa ya kwanza

Ukifika nyumbani, tafuta Wi-Fi ya uhakika, kisha sasisha mfumo kabla ya kurudisha chochote. Simu huweza kukaa ghalani miezi mingi, na mianya iliyogunduliwa katika miezi hiyo bado imo ndani yake. Nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, usome tarehe ya sasisho la usalama. Tarehe hiyo inakueleza hali ya simu yako vizuri kuliko namba ya toleo la Android inayotangazwa kwenye mabango. Ahadi za masasisho zinatofautiana sana: Pixel 8 ya Google na Galaxy S24 ya Samsung ziliahidiwa miaka 7, Galaxy A16 ya bei ya kawaida ikaahidiwa miaka 6, na simu nyingi za bei nafuu hupewa miaka miwili au chini ya hapo. Mimi ningependa namba hiyo iandikwe kwenye boksi kwa herufi kubwa kama zile za kamera.

Simu itakuuliza kama unataka kuhamisha kila kitu kutoka simu ya zamani. Sipendi kukubali yote. Majina ya simu, meseji na picha, sawa. Orodha nzima ya programu, hapana, kwa sababu unahamisha pia ile michezo na mikopo ya miaka mitatu iliyopita. Ziweke programu moja moja unapozihitaji. Majina yahifadhiwe kwenye akaunti ya Google badala ya laini: laini nyingi huishia kwenye majina 250 hivi, jina refu hukatwa, na laini ikipotea yanakwenda nayo.

WhatsApp ina utaratibu wake. Njia nzuri siku hizi ni kuhamisha mazungumzo moja kwa moja kati ya simu mbili zilizo karibu, kwa kuskani msimbo wa QR, bila kupitia hifadhi ya mtandaoni. Hilo limekuwa muhimu zaidi tangu 2024, Google ilipoanza kuhesabu nakala za WhatsApp ndani ya zile GB 15 za bure za akaunti yako. Kikundi kimoja cha harusi chenye video za kila kikao kinaweza kuzila zote. Ukimaliza kuhamisha, washa uthibitishaji wa hatua mbili wa WhatsApp, ile PIN ya tarakimu sita, kabla hujaanza kumjulisha mtu kwamba umebadili simu.

Sasa kufunga simu. Chagua PIN ya tarakimu sita au zaidi, au nenosiri. Achana na mchoro, maana unaonekana kwa mtu aliyekaa nyuma yako kwenye daladala na alama ya mafuta ya kidole hubaki juu ya kioo. Alama ya kidole na uso ni urahisi tu uliowekwa juu ya PIN, haviwezi kuchukua nafasi yake. Data iliyo ndani ya simu imesimbwa, na ufunguo wa kuifumbua hauwezi kupatikana mpaka PIN iingizwe mara ya kwanza baada ya simu kuwaka. Unaweza kuliona hili kwa macho. Izime simu, iwashe, usiingize PIN, halafu mwambie mtu wa nyumbani akupigie. Itaita, lakini kwenye kioo utaona namba tupu bila jina, ingawa ni namba ya mama yako uliyoihifadhi miaka yote. Orodha ya majina bado iko chini ya kufuli. Ingiza PIN, apige tena, jina linatokea. Ndiyo maana pia mwizi aliyenyakua simu iliyofunguliwa amepata vitu vingi kuliko aliyenyakua simu iliyozimwa.

Na kunyakuliwa kwenyewe ndiko kunakotusumbua mijini, pikipiki inapita na simu imekwenda. Mwaka 2024 Google ilianza kusambaza kinga dhidi ya wizi kwa simu za Android 10 na kuendelea: simu ikihisi mwendo wa kunyakuliwa, hujifunga yenyewe. Kuna pia kufunga kwa mbali ukitumia namba yako ya simu tu kwenye android.com/lock, bila kukumbuka nenosiri la Google ukiwa umechanganyikiwa barabarani. Lakini huduma hiyo lazima iwashwe mapema. Tafuta neno "wizi" kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya Mipangilio uone simu yako inazo zipi.

Wengi hufunga simu wakaiacha laini wazi. Mwizi hana haja ya kuifungua simu yako: anatoa laini, anaiweka kwenye simu yake, na meseji za uthibitisho za benki na za kila akaunti zinaanza kumfikia yeye. PIN ya laini inaziba mlango huo. Iko kwenye Mipangilio, sehemu ya usalama. Kuna tahadhari moja: kabla ya kuiwasha utaulizwa PIN ya mwanzo iliyowekwa na mtandao, ambayo mara nyingi imeandikwa kwenye ile kadi laini ilimotoka. Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai PUK, namba ya kuifungulia laini, na ukikosea PUK mara kumi laini imekufa. Usibahatishe. Kama kadi imepotea, wapigie huduma kwa wateja kwanza.

Ruhusa

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu kwenye simu mpya, ufanye hapa.

Kabla ya 2015, kuweka programu ilikuwa kukubali kila ilichoomba au kuikosa kabisa. Android 6 ikabadilisha utaratibu: programu huomba ruhusa wakati inapoihitaji, na unaweza kukataa moja ukakubali nyingine. Android 11 ikaongeza "mara hii tu", na ikaanza kuzinyang'anya ruhusa programu ulizoacha kuzitumia. Android 12 ikaleta kile kidoti cha kijani kwenye kona ya juu, kinachowaka kila kamera au maikrofoni inapotumika. Kikiwaka ukiwa hujapiga simu wala hujafungua kamera, vuta arifa chini na ukibonyeze, kitakutajia ni programu gani. Android 14 ikakuwezesha kuipa programu picha mbili tatu ulizozichagua, badala ya kuifungulia albamu yote.

Kwa nini nalisisitiza hili kwa wasomaji wetu? Kwa sababu hapa Afrika Mashariki tumeona madhara yake kwa namna ambayo wengine wameisoma tu. Programu za mikopo ya papo kwa papo ziliomba orodha ya majina, mkopaji akabonyeza "Ruhusu" kwa haraka ya shida, na aliposhindwa kulipa, meseji za kumdhalilisha zikaenda kwa bosi wake, mkwe wake na jirani yake. Mwaka 2023 Google ilizipiga marufuku programu za mikopo kuomba majina na picha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hatua hizo ni nzuri, lakini hazizuii faili ulilotumiwa na mtu nje ya Play Store. Kinga ya karibu zaidi ni kidole chako kwenye neno "Kataa". Anayekukopesha pesa hana shughuli na namba ya mkweo.

Jiulize kila mara: kazi ya programu hii inahitaji kitu hiki kweli? Ramani inahitaji mahali ulipo, na wakati unaitumia tu. Kikokotoo hakihitaji maikrofoni. Tochi haihitaji chochote kati ya hivyo, tena tochi imo ndani ya simu tayari.

Kuna ruhusa tatu zenye nguvu kuliko zote: kusoma meseji, kusoma arifa, na Ufikivu. Hii ya tatu iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Programu inayomsomea asiyeona lazima iweze kuona kila kilicho kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yake. Ni jambo jema na la lazima. Lakini programu ya kitapeli ikipewa uwezo huohuo, inaweza kuisoma PIN ukiichapa, kufungua programu ya benki na kubonyeza "Tuma" wakati simu imelala kifudifudi mezani. Google walilijua hilo, na tangu Android 13 programu iliyoingizwa nje ya duka rasmi huzuiwa kupewa Ufikivu. Kizuizi hicho kinaweza kuondolewa kwa kupita kwenye vidoti vitatu vya ukurasa wa programu husika, na matapeli wanaijua njia hiyo vizuri. Faili la APK, yaani faili la kuwekea programu, linatumwa WhatsApp kwa sura ya kadi ya mwaliko au risiti, kisha mtu mwenye sauti ya upole anakupigia na kukuelekeza: bonyeza juu kulia, ruhusu mipangilio iliyozuiwa. Mtu yeyote anayekuongoza kwa simu mpaka kwenye ukurasa ule, kata simu.

Fungua ukurasa wa Ufikivu leo, hata kama simu yako si mpya. Kwa asiyetumia kisoma skrini wala chombo kingine cha namna hiyo, orodha ya programu zilizopewa ruhusa inatakiwa iwe tupu au iwe na kitu unachokijua.

Betri, kumbukumbu na bando

Habari ya kuchaji saa nane kabla ya kuwasha simu ilitoka kwenye betri za nikeli za zamani. Betri ya lithiamu haihitaji hivyo. Inachokichukia ni joto, na kukaa muda mrefu ikiwa imejaa pomoni. Kama simu yako ina chaguo la kuishia asilimia 80, liwashe ikiwa huwa unailaza kwenye chaji usiku kucha. Kuchaji ikiwa chini ya mto wa kulalia ni kuiua taratibu.

Tatizo la betri linalotusumbua zaidi ni kampuni kuzidisha ubahili. Android yenyewe, tangu toleo la 6, huzilaza programu simu ikiwa imetulia, lakini arifa muhimu hupenya. Mavazi mengi ya simu za bei ya kati yakaongeza ukali wao juu ya hapo: programu isipofunguliwa kwa muda, inauawa kabisa. Ndipo unapopata meseji ya saa mbili ya asubuhi saa nne, ukifungua WhatsApp kwa mkono, na mwenzako anadhani umemnyamazia. Dawa yake ni kuingia kwenye Mipangilio, Programu, uchague WhatsApp, kisha Betri, uweke "Bila vikwazo". Kwenye mavazi mengine kuna pia orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, nayo uipitie. Fanya hivyo kwa programu unazozitegemea tu: ujumbe, kengele ya saa, programu ya dawa kama unayo. Nyingine zilale.

Lile tangazo la RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 kuongezewa 8 nyingine lisikubabaishe. Nyongeza hiyo inakatwa kwenye hifadhi ya kawaida, ambayo ni ya polepole kuliko RAM. Kama hifadhi yako imebana, zima nyongeza hiyo urudishiwe nafasi yako.

Kuhusu bando: kwenye WhatsApp zima upakuaji wa video wenyewe, Play Store isasishe kwa Wi-Fi tu, na nakala za picha vilevile. Ni mambo matatu ya dakika mbili, na tofauti utaiona kabla wiki haijaisha.

Kuivisha simu sura yako

Sasa tuje kwenye raha yake. Lancha ndiyo programu inayochora skrini ya kwanza na orodha ya programu, na inabadilishwa bila kugusa kitu kingine. Lawnchair ni nyepesi na ya wazi, na inafanana na ya Pixel. KISS ni kisanduku cha kutafutia tu, inafaa sana simu yenye RAM ndogo. Niagara hupanga programu kwa orodha ya herufi upande mmoja, ukitumia mkono mmoja unashukuru. Ukiichoka, unarudi kwenye ya kampuni. Kwenye simu nyingine vazi la kampuni hung'ang'ania lancha yake na kuirudisha. Hapo ingia kwenye Programu chaguomsingi uichague yako tena.

Lugha nayo ni sehemu ya kuivisha. Ukichagua Kiswahili, Android itakuuliza cha nchi gani: Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo, kwa sababu sarafu na miundo ya tarehe hutofautiana. Hata asiyetaka mfumo mzima kwa Kiswahili, aongeze Kiswahili kwenye Gboard, kibodi ya Google, pamoja na Kiingereza. Kibodi ya Kiingereza pekee hupiga mstari mwekundu chini ya "nitakutumia" na kukulazimishia neno ambalo hukulitaka. Ukiweka lugha zote mbili inajifunza kuchanganya kama tunavyochanganya sisi.

Kisha kuna mlango uliofichwa. Ndani ya Kuhusu simu tafuta Nambari ya muundo, uibonyeze mara saba. Simu itakuambia kwamba sasa wewe ni msanidi programu, na ukurasa mpya utatokea kwenye Mipangilio. Usishtuke na wingi wa mistari yake. Kitu kimoja tu ndani yake kinamfaa kila mtu: vipimo vitatu vya uhuishaji, vya dirisha, mpito na mwendo, ambavyo huja vikiwa 1x. Viweke 0.5x. Chipu haijaongezwa kasi hata kidogo, ila kila dirisha linafunguka kwa nusu ya muda uliokuwa ukipotea kwa mapambo, na simu ya bei nafuu huonekana imefufuka. Mengine yaache yalivyo.

Kupitia ukurasa huohuo unawasha utatuzi wa USB, na hapo unaweza kuzishughulikia programu za kampuni ambazo kitufe cha kufuta hakionekani. Ukiwa na kompyuta yenye adb, zana ya kuipa simu amri kupitia waya wa USB, amri ni adb shell pm uninstall --user 0 ikifuatiwa na jina la kifurushi, yaani jina la ndani la programu. Lazima uelewe inafanya nini. Programu hizo zinakaa kwenye sehemu ya hifadhi inayosomeka tu, isiyoandikika, kwa hiyo amri haizing'oi: inaziondoa kwa mtumiaji, yaani wewe. Haziwaki tena, hazitumi arifa, hazili bando. Lakini nafasi ziliyokuwa zinakalia hairudi, na ukiirejesha simu kwenye hali ya kiwandani zote zitakuwa zimerudi. Udhaifu huo ndio usalama wake, maana ukikosea, amri ya install-existing inairudisha programu ilivyokuwa. Ondoa moja, tumia simu siku nzima, kisha ondoa nyingine. Usiguse kitu ambacho jina lake hulielewi, na usiondoe lancha ya kampuni kabla ya kuweka nyingine. Ukimaliza, zima utatuzi wa USB, usiuache wazi halafu ukaenda kuchaji kwenye kompyuta za watu.

Butiloda na kuruti

Kuruti ni kujipa mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo, yale ambayo Android humnyima hata mwenye simu. Ili kufika huko, mara nyingi lazima butiloda ifunguliwe iache kudai saini ya mtengenezaji. Kufungua kunafuta data zote kwa makusudi, la sivyo mwizi angefungua butiloda, akaweka mfumo wake na kusoma vyako. Xiaomi huweka muda wa kungoja kabla ya kukuruhusu. Kwenye simu nyingi za Samsung, fyuzi ndogo ndani ya chipu huungua ukiweka mfumo usio rasmi, na haiunganiki tena milele: Samsung Pay na Folda Salama zimeondoka hata ukirudisha mfumo wa kiwandani.

Kuna gharama nyingine ambayo kwetu ni kubwa. Programu za benki na nyingi za pesa za simu huiuliza Google kupitia huduma ya Play Integrity: je, simu hii bado imefungwa kama ilivyotoka kiwandani? Jibu likiwa hapana, programu hukataa kufunguka. Kuna mbinu za kuficha, na kuna vita visivyoisha kati ya wanaoficha na wanaogundua, leo inafanya kazi, kesho haifanyi. Mwenye mshahara na ada za watoto ndani ya simu asiingie kwenye vita hivyo. Naliamini hili kwa dhati, pamoja na kwamba napenda sana mambo ya chini ya boneti.

Simu ya pili ndiyo mahali pa kujifunzia. LineageOS, romu ya wazi iliyoanza mwishoni mwa 2016 baada ya mtangulizi wake, CyanogenMod, kufungwa, huipa simu iliyoachwa na kampuni yake Android ya karibuni zaidi, isiyo na vazi wala matangazo. Kioo kikiwa kizima na betri bado inashika, simu hiyo inaweza kumtumikia mwanafunzi miaka mingine. Lakini simu nyingi tunazoziona madukani kwetu hazimo kwenye orodha yake. Leseni ya kiini cha Linux, GPL toleo la 2, inaidai kila kampuni inayosambaza kiini hicho iutoe msimbo wake kwa wanunuzi. Wapo wanaoutoa kwa wakati, wapo wanaochelewa mno, wapo wasioutoa kabisa. Bila msimbo huo wasanidi wa kujitolea hawana pa kuanzia, hata simu iwe imeuzwa kwa mamilioni. Kwa hiyo anayetafuta simu ya kuchezea aanze na orodha ya LineageOS, aandike modeli kamili pamoja na herufi zake za mwisho, kwa maana simu mbili zenye jina moja sokoni zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa, ndipo aende dukani akalinganishe na kilichoandikwa kwenye Kuhusu simu.